Shangazi Hataji Kifo

1

Ndege ya wagonjwa ilitua uani kwa Ambilikile Swila saa nne asubuhi, siku ya pili tangu mkewe ajifungue. Wanaume walikuwa wamekata migomba sita ili ipate pa kushukia. Tusekile, mama mzazi, walimtoa ndani wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa bawaba, kwa kuwa machela haikuwapo. Alikuwa amepauka kama jivu, lakini macho yalikuwa wazi na akili zake timamu. Aliuliza mtoto amenyonya nini. Wakamwambia amenyonyeshwa na wifi yake. Akasema sawa, ila wifi huyo asile pilipili.

Mlango wa ndege ukafunguka wenyewe. Ndani hamkuwa na kitanda, wala chupa ya oksijeni, wala ule mkono wa chuma unaojua kutafuta mshipa. Mlikuwa na mfuko mmoja mrefu wa kijivu, umekunjwa vizuri, zipu yake ikielekea nje.

"Poleni sana, wanangu," ikasema ndege kwa Kindali safi. "Tumekuja kumchukua."

Kila mtu katika milima ya Bundali aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mashine ya kutafsiri, iliyopeleka Kindali kwa watu wa Kituo cha Wito huko ng'ambo na kurudisha maneno ya ng'ambo kwa Wandali. Waliotengeneza sauti hiyo walichanganya sauti za wanawake wengi, ikatokea ya mwanamke mmoja wa makamo, mpole, asiye na haraka. Ndiyo maana watu waliiita Shangazi.

Ambilikile hakuuelewa ule mfuko. Alidhani ni blanketi. Alimpandisha mkewe, akamlaza juu yake, akausukuma mlango. Mlango ukagoma. Ndege za aina ile zina kipimo cha pumzi sakafuni. Zikihisi mtu anapumua haziruki, maana hazikuundwa kwa ajili ya abiria wa namna hiyo.

"Tunasubiri," Shangazi akasema, kwa upole uleule.

Wakamtoa. Wakapiga tena Kituo cha Wito, mara tatu, kila mara wakieleza kwa unyenyekevu zaidi kwamba mgonjwa hajisikii vizuri, kwamba amezidiwa, kwamba tafadhali waje haraka. Kila mara Shangazi aliwapa pole na kuwaambia usafiri umeshafika.

Ndege ilikaa uani mchana kutwa na usiku kucha, mlango wazi. Kuku walipanda na kushuka kwenye ngazi yake. Watu waliopita waligeuza nyuso. Kesho yake adhuhuri Tusekile alikata roho, na walipomlaza tena kwenye sakafu ile, mlango ulijifunga bila kusukumwa.

Subilaga Mtafya aliyaona hayo kutoka nyuma ya umati, amejifunika khanga hadi puani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye haya kiasi kwamba dukani alinyoosha kidole badala ya kusema anachotaka. Ujumbe ulioiita ile ndege ulikuwa umepita mikononi mwake. Muhuri wake ulikuwa chini.

2

Tangu mlima ulipoporomoka na kumeza barabara, hakuna gari lililofika kijijini. Mgonjwa aliondoka kwa ndege isiyo na rubani au hakuondoka kabisa. Ndege hizo zilitumwa na Kituo cha Wito, nchi ya tatu kutoka pale, na waliokaa huko hawakujua Kindali hata neno moja. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha zahanati palikuwa na meza, kioo cha mashine, spika, na Subilaga.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tafsiri inafaa. Hakuna aliyemfundisha darasani, kwa kuwa darasa aliliacha akiwa la tano, mwaka ambao kifua cha mama yake kilianza kubana. Alijifunza kwa kuketi na mashine na kuijua kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alijua kwamba ukiipa sentensi ndefu inapotea katikati. Sentensi moja, jambo moja. Alijua kwamba mtu atajwe kwa jina kila mara, hata ukichoka kulitaja. Usiseme "kule" kama mashine haijui kule ni wapi. Usitie utani. Taja siku, taja saa. Watu walipokuja mbio, wakitweta, maneno yakimwagika hovyo, Subilaga aliyapanga upya kwa vidole, kimya, bila kulazimika kumtazama mtu usoni. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo.

Mwisho wa yote palikuwa na kurudisha. Ujumbe ukishatafsiriwa kwenda lugha ya ng'ambo, unaiambia mashine iurudishe katika Kindali, halafu unausoma kama mtu anayekutafutia kosa. Ukirudi vilevile, unapiga muhuri. Ukirudi umepinda, unaanza upya.

Ujumbe wa Tusekile aliurudisha mara mbili. Ulirudi umenyooka.

Wiki moja baada ya mazishi alifika Injinia Kalinga, mama wa makamo aliyetumwa na waliotengeneza mashine. Baba yake alikuwa Mndali lakini yeye alikulia mjini, na Kindali chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Lugha ya ng'ambo ndiyo aliyoijua sana. Alivua viatu vilivyojaa tope, akaketi, akamwomba Subilaga amsomee alichoandika.

Subilaga alisoma kwa sauti ndogo. Tusekile, mke wa Ambilikile Swila, amejifungua jana jioni. Tusekile anatokwa na damu nyingi. Tusekile hajisikii vizuri. Tunaomba mje haraka.

"Na ulivyourudisha ukasemaje?"

"Hivyohivyo, mama. Neno kwa neno."

Injinia Kalinga aliufungua ule wa kati, uliosomwa na Kituo cha Wito. Ndio ambao Subilaga hakuwahi kuujua, maana alama zake kwake zilikuwa kama nyayo za ndege kwenye mchanga. Yule mama aliusoma mara moja, akausoma tena, kisha akavua miwani.

"Huu hausemi mgonjwa," alisema. "Unasema Tusekile amefariki baada ya kujifungua. Chanzo, kuvuja damu. Familia inaomba mwili uchukuliwe mapema."

Nje mtu alikuwa akichota maji. Ndoo iliteremka kisimani, ikagonga, ikapanda. Subilaga aliutazama muhuri wake kwenye kioo na kuhisi kama mikono yake ni ya mtu mwingine aliyemwazima.

Siku tatu zilizofuata walikaa wakisikiliza ghala la sauti. Kindali kilikuwa na maandishi machache mno, hayatoshi kuifunza mashine lolote. Kwa hiyo wazee walikuwa wamekubali, kwa alama ya kidole, simu za kijiji zilizorekodiwa kwa miaka arobaini zitumike. Mashine ilisikiliza maelfu ya simu. Lakini haikusikiliza maneno peke yake. Ilipewa pia daftari la mazishi la kata na orodha za wasafiri, ili ijue kila simu ilifuatwa na nini. Watengenezaji walijivunia jambo hilo. Walisema mashine inayojua kilichofuata haidanganyiki na maneno.

Na kilichofuata kilikuwa hiki. Katika Bundali hakuna anayetangaza kifo kwa simu. Mtu akifa, ndugu walio mbali huambiwa baba hajisikii vizuri, njoo. Mama amezidiwa kidogo, njoo na nguo za baridi. Anayeambiwa hupanda gari akiwa na tumaini, hula njiani, hulala, na huja kuanguka mlangoni kwao ambako mikono ipo ya kumdaka. Na mtu anayeumwa kweli, akapona? Huyo hakuna anayepiga simu kwa ajili yake. Wanamchemshia uji na maisha yanaendelea. Simu za miaka arobaini zilisema ugonjwa, na daftari likajibu kaburi, kila mara, mpaka mashine ikaacha kuona tofauti. Ilipotafsiri kwenda ng'ambo iliutaja msiba waziwazi, kwa kuwa huko hawafichi. Iliporudisha kwa Kindali, iliufunika tena kwa adabu ya hapa. Ndiyo maana kila kilichorudi kilikuwa kimenyooka.

"Haikukosea," Injinia Kalinga alisema. "Iliwasikiliza vizuri mno."

Subilaga alikuwa amevaa vifaa vya masikioni. Alikuwa amefika kwenye simu ya miaka kumi na sita nyuma, na aliyekuwa akiongea alikuwa mama yake, mwenye pumzi nyepesi za zamani. Alikuwa akimwambia dada yake kwamba baba Subi hajisikii vizuri, aje kesho ikiwezekana. Sauti ilitulia kama ya mtu anayeagiza chumvi. Nyuma yake mtoto wa kike alikuwa akiuliza, tena na tena, kama uji umeiva. Subilaga alimtambua mtoto yule. Alikumbuka hata uji. Hakukumbuka kwamba wakati ule baba yake alikuwa ameshaoshwa na kulazwa chumba cha pili.

Kabla ya kuondoka mezani siku ile walikagua jumbe zote za miezi mitano tangu Shangazi aanze kazi. Zilikuwapo nyingine tatu za namna ileile, ambapo ndege ilichelewa, ikamkuta mgonjwa ameshakufa, na familia zikaona ni mapenzi ya Mungu. Zote tatu zilikuwa na muhuri.

3

Dawa ilikuwepo, na Injinia Kalinga aliieleza mbele ya watu wote ndani ya ghala la kahawa, Subilaga akimsaidia Kindali kwa sauti ya kunong'ona hadi wazee wakamwambia afungue kinywa. Mashine ilihitaji simu za aina nyingine. Mtu aliyekufa atajwe amekufa, waziwazi, kwenye simu ya kweli, kwa ndugu wa kweli. Zikipatikana simu kama sitini, Shangazi ataanza kutofautisha.

Mwalimu mkuu aliuliza kwa nini wasiigize. Walikuwa wameshajaribu. Manesi wawili walisoma sentensi mia za vifo vya uongo, na kwa kuwa hakuna kaburi lililochimbwa, mashine iliziweka zote kwenye fungu la mizaha. Mwingine akauliza kwa nini watu wasipige kwa Kiswahili. Injinia alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema Waswahili nao wanaficha misiba vilevile, na mashine yao ina ugonjwa huohuo, ila wao wana barabara.

Mzee mmoja akasema yuko tayari kufa kesho ili ipigwe simu ya wazi, kwa sharti kwamba wanawe waliokwenda mjini wasiambiwe kabla hajaona nani atakuja mbio. Watu wakacheka. Wakacheka zaidi ya kilichokuwapo, kama wanavyocheka watu wenye hofu.

Mama Ndimbumi hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyewekwa mlangoni kwenye misiba kuwadaka wanaofika. Aliwadaka wanaume wazima kama watoto.

"Mnajua kwa nini tunasema anaumwa?" alisema. "Si woga. Mtu akisikia yuko barabarani, nani atamshika? Dereva? Nyinyi mnataka nimtupe mwanangu chini, halafu niiambie mashine itazame anavyoanguka."

Ndipo Ambilikile Swila aliposimama, mtoto mgongoni amefungwa kwa khanga ya marehemu. Hakuwa msemaji.

"Mimi niliita msaada," alisema. "Likaja jeneza, likakaa uani kwangu, likamngoja mke wangu amalize."

Hakuna aliyepiga kura, lakini watu walitoka ghalani wakijua kwamba limekubaliwa.

Kukubali kulikuwa rahisi kuliko kutenda. Msimu wa baridi uliwachukua wazee, kama kawaida yake, na kila palipotokea msiba Subilaga aliitwa kuketi karibu na mwenye kupiga, na simu ya zahanati iliyounganishwa na mashine. Wengi walishika simu wakiwa wameamua kabisa, na ndugu alipoitika kwa furaha, ulimi ukateleza kwenye njia ya zamani. Hajisikii vizuri. Njoo. Halafu wakamtazama Subilaga kwa aibu, naye akatikisa kichwa kwamba si kitu. Waliofaulu hawakufurahi. Mjane mmoja alilisema neno lenyewe, akaiangusha simu kwenye majivu, na sauti ya mwanawe ikaendelea kulia mle chini mpaka mtu akaikata. Fundi wa umeme aliambiwa akiwa juu ya nguzo. Alishuka salama, lakini tangu siku hiyo hajapanda nguzo nyingine.

Kila simu ilipoisha, Subilaga aliisikiliza tena mezani kwake na kuiandikia maelezo, nani, lini, kaburi namba ngapi. Alianza kuzisikia sauti hizo akiwa anaosha vyombo. Zile za zamani, za uongo wa huruma, zilikuja na zile mpya, zikijibizana ndani ya kichwa chake. Anaumwa, njoo. Amekufa. Anaumwa kidogo tu, njoo na koti. Amekufa.

Mama yake alimtazama. Alikuwa amelala kitandani karibu na moto kwa muda mrefu sasa, na kila pumzi aliipanda kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Mchana mmoja, Subilaga akimkanda mgongo, alimwuliza kama hao wanaoambiwa waziwazi hulia sana. Subilaga akasema hajui. Simu hukatika mapema.

"Nikienda mimi," mama akasema, "dada yako Atupele mwambie naumwa. Mwambie aje na koti lake. Huyo tangu mdogo hawezi kitu cha ghafla."

Subilaga aliendelea kukanda. Mama yake akauchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo, akafumba macho, akapumzika.

4

Alikufa mwezi wa saba, alfajiri, jogoo wa jirani akiwika. Hakukuwa na la kuita ndege. Kifua kilichoka, kikaacha. Subilaga alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, akafungua dirisha. Wanawake walikuja kumwosha. Kulipokucha kabisa alikwenda zahanati kwa miguu, kwa kuwa simu ilipaswa kupita kwenye mashine ili ihesabike.

Injinia Kalinga alikuwa amempigia juzi yake kutoka mjini. Zilikuwa zimebaki simu chache, moja au mbili, mashine ilikuwa inaanza kusitasita, na kusitasita ni dalili njema. Sasa Subilaga alimpigia yeye kwanza.

"Mimi siwezi kukuomba wewe," Injinia alisema aliposikia. "Ukitaka, mpigie dada yako kwa simu yako ya kawaida. Mwambie unachotaka. Hakuna atakayejua."

Subilaga alimshukuru. Aliketi mbele ya kioo, mikono juu ya mapaja. Alimfikiria mtu mwingine, asiyemjua bado, aliyelala mahali fulani katika milima hii akiwa na kitu kibaya tumboni mwake au kichwani, akipika, akicheka, bila habari. Alimfikiria mama yake na kile alichokichukua kuwa ni ndiyo. Alijua kwamba leo atamsaliti mmoja wao, na kwamba mmoja kati yao hawezi tena kuumizwa. Hilo lilipaswa kurahisisha jambo. Halikurahisisha.

Akampigia Atupele.

Atupele alikuwa akifanya kazi Tanga, kwenye mashamba ya ghorofa, ghorofa ya arobaini, akichuma nyanya chini ya taa za zambarau. Nyuma yake mafeni yalivuma. Aliitika kwa haraka yake ya siku zote, akamwambia Subi asubiri aweke ndoo chini. Kisha akauliza mama ameamkaje, na kabla hajajibiwa akaanza kueleza kwamba amepata sweta, si la mtumba, sweta jipya, rangi ya maziwa, ila hajui kama mikono itamtosha mama kwa jinsi alivyokonda.

"Atu," Subilaga akasema.

"Eeh."

"Mama amekufa."

Mafeni yalivuma. Kwenye kioo, mstari wa sauti ulilala chini, ukanyooka.

"Unasema amezidiwa," Atupele akasema polepole.

"Hapana."

"Sema amezidiwa, Subi. Mimi nitakuja. Leo hii naomba ruhusa, naja. Sema tu."

Yote aliyoyajua Subilaga ya kupanga maneno yalikuwa vidoleni, na vidole havikuwa na kazi hapa. Sentensi moja, jambo moja. Mtu atajwe kwa jina.

"Mama yetu, Nsekela Mtafya, amekufa leo alfajiri," alisema. "Nimemfumba macho mimi."

Sauti iliyotoka upande wa pili haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa mgongoni akiwa amebeba kitu. Subilaga akauliza kama kuna mtu karibu naye hapo, mtu yeyote, mwenzake, msimamizi.

"Kuna nyanya," Atupele akasema.

Halafu akakata.

Subilaga aliandika maelezo. Nani, lini. Namba ya kaburi aliiacha wazi, maana lilikuwa bado halijachimbwa. Alipiga muhuri.

5

Atupele alifika siku ya tatu, mchana, amepanda mlima kwa miguu kutoka mahali barabara inapoishia. Kaburi lilikuwa limeshapewa namba na Subilaga ameijaza, lakini walikuwa wamemsubiri yeye ndipo wazike. Mama Ndimbumi alisimama mlangoni kama ilivyo desturi, na wanawake wengine wawili wenye nguvu pembeni yake. Walipomwona akiibuka kwenye migomba na begi dogo begani, walinyoosha mikono.

Atupele alikuja taratibu. Uso wake ulikuwa mkavu, umevimba, kama uso wa mtu aliyeugua na kupona vibaya. Alikuwa amelilia ghorofa ya arobaini, chini ya taa. Alikuwa amelilia kwenye basi, kando ya mtu asiyemjua aliyehamia kiti kingine. Alipofika mlangoni hakuwa na kilichobaki. Aliwaamkia wakubwa mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, akapita kati ya mikono ile, akaingia ndani. Mikono ya wanawake ilibaki hewani kitambo. Mama Ndimbumi aliishusha yake, akaifuta kwenye khanga kana kwamba ilikuwa imelowa.

Subilaga alikuwa ndani, chini, ameegemea ukuta. Dada yake aliketi kando yake bila kumgusa. Alitoa sweta lile kwenye begi, akaliweka juu ya miguu ya mama yao, akaligeuza mikono vizuri.

Walikuwa wanajiandaa kutoka na mwili wakati kelele zilipozuka uani. Mjomba wao, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akisimamia wachimba kaburi juani tangu asubuhi, alikuwa ameshika kifua na kukaa chini juu ya udongo mpya. Midomo yake iligeuka rangi. Mwanawe, mwanamume mzima, alipiga simu Kituo cha Wito palepale, bila kupitia mezani kwa Subilaga, na kwa kuwa alikuwa ameshikwa na hofu, mazungumzo yote ya ghalani yalimtoka kichwani. Alisema kama babu zake walivyosema.

"Baba hajisikii vizuri. Amezidiwa. Njooni haraka, tafadhali."

Watu walitazamana. Mtu alianza kumnyang'anya simu ili aseme upya, lakini Shangazi alikuwa ameshaitika na kukata. Subilaga alikuwa ametoka nje. Wote walimgeukia yeye, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliwatazama wote usoni, kwa kuwa hakuwa na cha kuwapa. Angeweza kwenda zahanati, kuurudisha ujumbe, kuusoma. Ungerudi umenyooka. Kurudisha hakukuwa na maana tena. Palibaki kungoja na kuona mlango utafunguka ukiwa na nini ndani.

Walimlaza mjomba kivulini. Nusu saa. Watu walikata migomba. Atupele alikuja akasimama kizingitini.

Ndege ikaja juu ya kilima, ikashuka, ikapeperusha majani na khanga za waombolezaji. Hakuna aliyeikaribia. Ambilikile Swila, aliyekuwa mbele, alirudi nyuma hatua mbili na kumfunika mtoto macho.

Mlango ulifunguka. Ndani mlikuwa na kitanda cheupe, na chupa ya oksijeni, na mkono wa chuma uliokuwa tayari umeinuka, ukigeukageuka kama unaotafuta.

"Mgonjwa yuko wapi?" Shangazi akauliza.

Watu wakakimbia. Walimbeba mjomba, mtu mguu, mtu mkono, wakamlaza, na mkono wa chuma ukapata mshipa kabla hawajamwachia. Kifua chake kilipanda. Mlango ulijifunga juu ya mtu anayepumua, ndege ikanyanyuka, na uani watu walikuwa wakishikana na kulia kilio kilichokuwa kimechelewa, Mama Ndimbumi akimkumbatia aliye karibu bila kuangalia ni nani.

Subilaga alirudi mlangoni. Atupele alikuwa bado akiitazama ndege, mpaka ikawa nukta, mpaka ikawa si kitu. Aliona. Alielewa alichokiona, na kwa nini aliambiwa waziwazi kwenye simu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu mdogo.

"Mjomba atapona," Subilaga akasema.

"Nimeona," Atupele akasema. Alifunga khanga yake upya kiunoni, taratibu, akageuka kuingia ndani kwa mama yao. "Lakini mimi ungeniacha nifike kwanza."